Kinanda kimechoka, au wewe ndiye umekichoka?

Krismasi na Pasaka zikipita, wapiga vinanda hunijia na swali moja lililobadilisha nguo tu: mashine yangu imezeeka, ninunue nyingine au nivumilie? Safari hii nimekusanya barua saba nizijibu kwa mpigo. Niseme mapema kwamba miaka ya kinanda hainipi shida. Mimi huuliza jambo moja: unaweza kukiwasha mbele ya watu bila kukifanyia maombi kwanza?

Mwalimu, shikamoo. Napiga kinanda katika kanisa la Wakongomani huku Katwe. Yamaha PSR yetu ina zaidi ya miaka kumi. Vibonyezo vitatu vya katikati vimeharibika: kimoja hakitoi sauti mpaka ukigonge, viwili vinapiga makelele hata ukivigusa taratibu. Wazee wa kanisa wanataka tuchange tununue kipya. Tuchange?

Marahaba. Msichange bado, huo ni uchafu.

Chini ya kila kibonyezo kuna mpira laini wenye vidonge viwili vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kidonge kimoja hugusa bodi kabla ya mwenzake, na mashine hupima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Ukiwa mfupi, inajua umepiga kwa nguvu. Ukiwa mrefu, inajua umebembeleza. Sasa vumbi likiingia hapo, au soda ya mtoto wa kwaya, hesabu inavurugika. Ndiyo maana kibonyezo kimoja kinanyamaza na kingine kinapayuka, wakati vyote vimepigwa na kidole kile kile.

Chomoeni waya, mkilaze kinanda kifudifudi juu ya kitanda kilichotandikwa shuka jeupe ili skrubu zisipotee. Skrubu hazilingani urefu, kwa hiyo kila mnayoitoa pigeni picha ilikotoka. Mkifika kwenye ule ukanda wa mpira, mwung'oe pole pole, mfute vidonge na bodi kwa pamba za masikio zilizoloweshwa spiriti ya duka la dawa, mwache vikauke kabisa. Petroli na thina msiziguse, zinakula plastiki. Msasa pia hapana: nimeona fundi akisugua vidonge mpaka kaboni yote ikatoka, na hapo ukanda umeshakufa, lazima muagize mwingine. Wakati wa kurudisha, zile chuchu ndogo za mpira zivutwe au zisukumwe kwa kijiti butu mpaka ziingie kwenye matundu yake. Moja ikibaki nje, kibonyezo chake kitakuwa kigumu na mtadhani mmeharibu.

Ni kazi ya nusu siku. Ikiwa mikono yenu inatetemeka, mpeni fundi redio anayejua kwenda taratibu, na mmoja wenu akae naye.

Kaka, nimerithi Korg M1 kwa mjomba aliyekuwa akipiga bendi hapa Jinja. Sauti yake tamu, lakini nikiiwasha inalalamika kuhusu betri. Pia nikikanyaga pedali kwa muda, noti za mwanzo zinakatika. Marafiki wanasema ni kitu cha makumbusho.

Makumbusho wangeifurahia, lakini waambie wasubiri. M1 ilitoka 1988, na piano yake pamoja na ogani yake zilisikika kwenye nyimbo nyingi za kudansi za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Una malalamiko mawili yasiyohusiana, tuyatenganishe.

Betri ni CR2032, kidonge cha volti 3 kama zile zinazouzwa kwenye vibanda vya kutengeneza saa. Kazi yake ni kulinda kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa. Usikimbilie kuing'oa, maana sauti zote alizotengeneza mjomba zitakwenda nayo. Zihamishie kwanza kwenye kompyuta kwa kebo ya MIDI (lugha ya vinanda na kompyuta kuzungumza), uhakikishe faili ipo, ndipo umwite fundi. Katika mashine nyingi za enzi hizo betri imelehemewa kwenye bodi. Mwambie aweke kishikio ili mara nyingine ubadilishe mwenyewe. Na asithubutu kulehemu juu ya betri yenyewe, betri ya lithiamu ikipata moto inaweza kulipuka.

Noti kukatika si ugonjwa. M1 ina uwezo wa noti 16 kwa wakati mmoja, na kwa zile sauti nene zinazotumia chanzo mara mbili, uwezo unashuka hadi 8. Mkono wa kushoto una noti tatu, wa kulia nne, pedali iko chini: kodi inayofuata, yaani noti zinazopigwa pamoja, itapata wapi nafasi? Inazifukuza za kwanza. Hakuna fundi wa kutibu hilo, na hapa ndipo ninapokubali neno "badilisha". Ukiwa na mpiga besi na gitaa, wewe ukiweka ogani kwa mkono mmoja, M1 inakutosha miaka mingine. Lakini kama unapiga peke yako hotelini jioni, piano na nyuzi pamoja, tafuta mashine ya siku hizi. Roland Juno-DS61, kwa mfano, ina noti 128, inaweza kutumia betri za kawaida umeme ukikatika, na uzito wake ni kilo 5.3. M1 inapita kilo 13. Anayebeba kinanda kwa boda anajua tofauti hiyo bila mizani.

Usisikitikie sauti ya mjomba. Korg wenyewe wanauza M1 kama programu ya kompyuta na ya iPad.

Hapa Arua joto halina huruma. Roland XP-80 yangu, vibonyezo vinanata, na chini yake natoa gundi nyekundu kama jamu. Ni nini hii?

Ni gundi waliyotumia Roland kushikilia vyuma vya uzito ndani ya vibonyezo vya baadhi ya mashine za miaka ya 1990, XP-80 ikiwamo. Joto na miaka vinaiyeyusha, inachuruzika. Kuitibu ni kutoa vibonyezo vyote 76, kimoja kimoja, kukwangua, kisha kubandika vyuma upya kwa gundi ngumu. Ikiwa imeshafika kwenye bodi ya chini, mimi ningeanza kuweka akiba ya kingine. Kwa sasa usikiache ndani ya gari lililofungwa juani hata kwa saa moja.

Mzee, kinanda changu hujizima katikati ya wimbo kisha kinajiwasha chenyewe. Nimenunua adapta nyingine hapa Mbale, plagi inaingia vizuri, lakini wapi. Si bora ninunue kipya?

Hilo limenikuta mbele ya watu. Ilikuwa kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba, upande wa Mukono, hema limejaa, bi harusi anatoka na mashangazi zake. Nilikuwa napiga kwa C huku nimepandisha transpozi, kile kitufe cha kuhamisha sauti zote juu au chini, hatua moja, uvivu wetu sote. Jenereta likakohoa, kinanda kikazima, sekunde chache kikawaka tena. Kikawaka na transpozi sifuri. Mpiga gitaa yuko C-shapu, mimi niko C, na sikugundua mpaka nilipoona shangazi mmoja amesimama na kutugeukia. Jicho lile bado ninalo.

Nyumbani nililaumu jenereta, nikalaumu kinanda, nikaanza kuulizia bei. Kumbe vinanda vya wenzangu usiku ule havikuzima. Nikawasha changu, nikashika noti moja, nikatikisa plagi ya adapta kidogo tu: kikazima. Soketi ilikuwa imelegea ndani, lehemu imepasuka kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka yote. Fundi aliilehemu upya kabla chai yangu haijapoa. Fanya jaribio hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kuhusu adapta mpya: plagi kuingia si ushahidi. Soma mambo matatu yaliyoandikwa chini ya kinanda na uyalinganishe na yale ya adapta: volti, ampea, na kile kimchoro kidogo kinachoonyesha kama chanya iko katikati au nje. Vinanda vingi vya Yamaha vya saizi ya kati hutumia volti 12 na chanya katikati. Vingi vya Roland vya zamani hutumia volti 9 na hasi katikati. Ukivichanganya unaweza kuua bodi. Ampea za adapta zikizidi zile za kinanda, hakuna neno. Zikipungua, kinanda kitajizima kila ukiongeza sauti.

Halafu kuna vinanda vilivyotumika vinavyotoka Japani, ambako umeme ni volti 100. Wetu hapa Uganda ni 240. Adapta iliyoandikwa 100-240 iko salama, iliyoandikwa 100 peke yake itatoa moshi siku ya kwanza. Ikiwa waya wa umeme unaingia moja kwa moja kwenye kinanda, unahitaji transfoma ya kushusha. Na kabla ya kununua kinanda kipya, nunua stabilaiza ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka, au UPS ndogo, yenye betri ya kushika umeme ukikatika, kama mfuko unaruhusu.

Wenzangu Mbarara wanapiga kwa laptopu, sauti zao zinanikosesha usingizi. Niuze kinanda changu cha zamani nihamie huko?

Ukiuza kinanda utapigia nini, herufi za kompyuta? Laptopu inahitaji vibonyezo, na chako kinaweza kuwa ndicho hicho. MIDI ilianza 1983, na kinanda chenye tundu lake la pini tano bado kinazungumza na kompyuta ya leo kwa kebo ndogo ya kwenda USB. Kwa hiyo laptopu inaweza kukuongezea miaka kwenye mashine uliyonayo, mradi vibonyezo vyake ni vizima.

Shida iko jukwaani. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kidogo kabla ya kuitoa. Ukiipangia fungu la sampuli (vipande vidogo vya sauti) 128, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ucheleweshaji ni kama milisekunde 3, husikii kitu. Ukiipangia 1,024 kwa sababu mashine ni dhaifu, zinafika 23, na vidole vyako vitaanza kugombana na mpiga ngoma. Ongeza kioo kisichosomeka juani, kebo ya USB inayokanyagwa na MC, na ule mlio wa ujumbe wa WhatsApp unaotoka kwenye spika zote wakati mchungaji anaomba. Zima intaneti, zima kila kitu, na uwe na sauti moja ya piano ndani ya kinanda chenyewe ya kukimbilia.

Kanisa la jirani hapa Bweyogerere wamenunua Yamaha PSR-SX900 yenye kioo cha kugusa. Sisi tuna Korg ya zamani, nzima kabisa, lakini vijana wanaanza kutucheka. Tubadilishe?

Kwa kucheka tu, hapana.

Lakini kuna jambo ambalo wazee wenu huenda hawalijui, na mpigaji wenu analijua. Utajiri wa kinanda cha aina hiyo umo kwenye flashi: midundo ya sebene (ile sehemu ya kuchezea ya muziki wa Kikongo) na rumba aliyoikusanya na kuirekebisha kwa miaka, kila mmoja na ngoma zake, besi yake, kasi yake. Midundo ya Korg haisomwi na Yamaha hivi hivi, wala ya Yamaha na Korg. Mkihama kampuni, Jumapili ya kwanza atakaa mbele ya kioo kizuri akiwa hana hata sebene moja aliyoizoea. Mkibadilisha siku moja, ulizeni kwanza Korg mpya ipi inasoma faili zenu. Na msimnunulie mpigaji kitu bila yeye kukigusa. Nimeona kamati ya watu sita ikienda dukani bila mpigaji hata mmoja.

Nimeamua kununua kilichotumika hapa Kampala. Nikague nini? Na hiki cha zamani nikiuze?

Nenda na headfoni zako, pedali yako na flashi yako. Chagua sauti ya piano, anza kibonyezo cha mwisho kushoto, panda kimoja kimoja mpaka kulia, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Muuzaji atakuwa anakuharakisha kwa stori, mwache aongee. Zungusha kitasa cha sauti pole pole usikilize kama kinakwaruza. Tikisa kila soketi. Shika noti, sukuma kijiti cha kupinda sauti kisha ukiachie. Noti isiporudi pale pale ilipokuwa, kwa mpiga sebene hiyo ni kasoro kubwa. Pedali ichomeke kabla ya kuwasha, bila kuikanyaga, kwa sababu vinanda vingi husoma mwelekeo wake vinapowaka, na watu wengi wamekataa mashine nzima kwa kosa la mguu wao.

Kisha kiache kikiwaka nusu saa. Kuna magonjwa yanayojificha mpaka bodi ipate joto. Kizime, ukiwashe, uhesabu. Korg Kronos ni mashine ya ajabu, lakini huchukua kama dakika mbili kuamka. Umeme ukikatika katikati ya ibada, hizo ni beti nzima za wimbo. Asiyekuwa na UPS asiiguse. Mwisho, kionyeshe kioo chake nje kwenye jua, maana sherehe zetu nyingi ni za hemani.

Cha zamani usikiuze mwaka wa kwanza. Bei utakayopewa itakutia uchungu tu, na kipya bado hujakizoea. Kifunike kwa kitambaa, si nailoni, inashika unyevu. Kiwashe mara moja kwa mwezi, na adapta yake uifunge nacho pamoja. Changu kiko chini ya kitanda, na mwaka huu kimeshatoka mara mbili, mara ya pili saa tano za usiku, kwa boda, mvua inanyesha.