Furaha ya kuamriwa

Swali la wiki iliyopita katika gazeti hili lilikuwa hili: "Ni nini kinachokupa furaha zaidi katika ibada: nyimbo, mahubiri, au ushirika wa waumini?" Nimesoma majibu ya wenzangu. Wengi wamechagua nyimbo, na siwapingi, mimi mwenyewe nimeimba kwaya tangu usichana. Lakini swali limenigusa pabaya, kwa sababu tangu Kwaresima ya mwaka huu ninatembea na swali jingine kifuani: je, mtu anaweza kuamriwa afurahi? Nitajibu hilo, mhariri anisamehe.

Kilichotokea ni hiki. Nilialikwa kwenye semina ya maombi hapa Mtwara mjini. Sitasema iliandaliwa na nani. Nilitoka moja kwa moja hospitalini, nilikokesha siku mbili pembeni ya kitanda cha dada yangu, nikakaa safu ya tatu nikitaka tu kusikia Neno. Kiongozi wa sifa akashuka na maiki: "Mgeukie jirani yako, mwonyeshe meno yote thelathini na mawili!" Watu wakageukiana. Mimi sikuweza. Akaja akasimama mbele yangu, akasema spika zikivuma: "Mama, uso huo unamwaibisha Yesu." Nikatabasamu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilitabasamu.

Basi msimamo wangu ninauweka mapema. Furaha haiamrishwi. Unaweza kumwamuru mtu asimame, apige magoti, alipe zaka, afike jumuiyani Jumamosi alfajiri. Moyo haupokei amri. Furaha ya kulazimishwa ni kama kilio cha mtu asiyemjua marehemu: sauti ipo, machozi hakuna. Na wanaopenda kutusomea Paulo, "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, furahini," wakumbuke kwamba aliwaandikia Wafilipi maneno hayo akiwa kifungoni. Minyororo ilikuwa yake mwenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alibatizwa Ndanda, kwa wamisionari Wabenediktini waliofika pale 1906, mwaka mmoja baada ya misheni za Nyangao na Lukuledi kuchomwa moto katika Majimaji. Aliimba Misa kwa Kilatini miaka mingi bila kujua maana ya neno hata moja, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa Kiswahili na ngoma. Siku moja nilimwuliza kama alikuwa akifurahi katika Kilatini kile. Akanijibu, "Nilikuwa naimba." Nilidhani hakunisikia vizuri.

Sasa niwapeleke kwenye Jumapili moja.

Wana Kusini hawahitaji kukumbushwa msimu wa 2018. Minada ya korosho ilikwama kwa ajili ya bei, mwezi Novemba Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kusomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri. Fedha ndizo tulizokuwa tunazisubiri, maana kwanza ulitakiwa uhakiki, na uhakiki una foleni yake. Korosho ziko ghalani, stakabadhi iko mkononi, mfukoni hamna kitu. Na hao ndio waliokuwa na nafuu. Waliouza kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini kabla ya mavuno, tangu mikorosho ikiwa maua hawakuwa hata na stakabadhi ya kuitazama.

Wakati huo nilikuwa bado kijijini, kwenye kigango chetu, tawi dogo la parokia, chini ya mlima upande wa Ndanda, nashona cherehani barazani. Kigango kina desturi ya kutoa shukrani ya korosho katika Majilio, majuma ya kungojea Noeli, Jumapili ya tatu, ambayo kwa Wakatoliki ndiyo Jumapili ya Furaha. Rangi ya zambarau inapumzika siku hiyo, panakuja rangi ya waridi. Kigango hakina vazi la waridi, na padre hafiki kila Jumapili, ana vigango vingi. Lakini katekista wetu alitaka waridi. Akaniuliza, "Fundi, huna hata kipande?"

Nilikuwa nacho, ila hakikuwa changu. Kilikuwa kitambaa cha sare ya harusi, mita kumi na mbili, nilicholetewa Septemba nishone magauni ya wasimamizi wa bibi harusi. Harusi ilikuwa iwe wiki ile ile. Ikaahirishwa kwa sababu ya fedha za korosho, na kitambaa kikabaki kwangu kimekunjwa kwenye mfuko. Nikamwomba mama wa binti, akakubali. Sikukikata. Nilikikunja mara mbili, nikakifunga kwa sindano ya mkono kwenye ukingo wa altare, mishono mirefu ya kufumuka kwa urahisi.

Tarehe 16 Desemba basi, ibada ya Neno, bila padre. Kanisa limejaa kuliko kawaida, maana mtu asiye na nauli ya kwenda popote huja kanisani. Watu walikuwa wamenyamaza. Ule ukimya wa watu waliogombana nyumbani kwa ajili ya sabuni. Somo la pili likawa lile lile la Wafilipi, "furahini," ndilo lililopangwa kwa mwaka ule. Katekista alilisoma mpaka mwisho, akafunga kitabu, akasema, "Mimi leo sikutaka kulisoma. Nimelisoma kwa sababu ndilo lililopangwa." Halafu akasoma Injili ya Luka, watu wanamwuliza Yohane Mbatizaji, "Tufanye nini basi?" naye anawaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mahubiri hayakufika dakika kumi. Akatuamuru tusimame tuimbe, na tulipoimba kwa sauti ya wagonjwa akatusimamisha, akasema, "Hapana. Tena." Mara tatu. Mara ya tatu mpiga ngoma alikuwa ameudhika, akaipiga kwa hasira, na wimbo ukasimama kwa miguu yake.

Tukatoka nje kwenye mnada wa matoleo, chini ya mwembe. Kwa asiyejua: vitu vilivyoletwa altareni hunadiwa baada ya ibada, na fedha huingia mfuko wa kigango. Siku hiyo palikuwa na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa utepe wa khanga, ungo wa ming'oko, vile viazi vya porini, mbaazi kavu kwenye ndoo ndogo, maboga manne, mayai, fungu la makopa ya muhogo mkavu. Mwenyekiti wa kigango akamwinua jogoo. "Elfu kumi!" Kimya. "Elfu tano!" Kimya. Akashuka mpaka mia tano, na aibu ikawa yetu sote, tunatazama chini. Katekista akasema, "Hakuna kitu kinachorudi nyumbani. Vyote vinunuliwe." Hapo sauti ya mwanamke nyuma ikauliza, kwa uchungu kabisa, "Sasa tufanye nini basi?"

Yalikuwa maneno yale yale tuliyotoka kuyasikia. Sijui nani alianza kucheka. Nadhani hata yeye mwenyewe alishtuka. Kicheko kikazunguka mwembe, na kabla hakijaisha fundi baiskeli akanyoosha mkono: "Jogoo, natoa siku mbili za palizi, mvua zikishika. Kwa yeyote mtakayenipangia."

Mwenyekiti akamtazama katekista. Katekista akafungua daftari la zaka, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Kalamu ikakataa, akaisugua kwenye kandambili, akaandika. "Siku mbili. Nani anaongeza?" Mama mmoja akasema siku tatu. Fundi akasema tatu na kutengeneza baiskeli ya katekista. Mama akasema, "Nne, na mume wangu mbili," na mume wake yupo pale anapiga kelele kwamba hakuulizwa! Jogoo akawika katikati ya hayo yote, amening'inizwa kichwa chini. Mayai yakanunuliwa kwa madumu kumi ya maji. Mbaazi zikachukuliwa na kijana wa bodaboda, kwa ahadi ya kumpeleka mgonjwa mmoja hospitali, Masasi au Ndanda, saa yoyote ya usiku. Mzee mmoja aliyeuza kangomba na ambaye tangu Agosti alikuwa hasalimii mtu, akajitolea kuchimba shimo la choo cha mjane kwa boga moja. Boga moja! Mimi nilinunua ming'oko kwa kaptula mbili za shule.

Na palikuwa na bibi mmoja ambaye miguu yake haikumruhusu tena kulima. Alikaa kwenye mzizi wa mwembe mwanzo mpaka mwisho. Lilipobaki boga la mwisho akasema, "Mimi nitashika watoto. Mkienda kwenye palizi hizo zenu, mniachie watoto." Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia harusini. Wanawake walimzunguka wakicheza, mwenyekiti akamwekea boga mapajani kama anayempa mjukuu, naye akalipapasa, anacheka, meno mawili. Hakuna aliyekuwa amemwambia ayaonyeshe.

Nimeandika mpaka hapa nikaacha kwa siku mbili, kwa sababu nimeona jambo ambalo sikuliona nilipoanza. Katekista alituamuru. Alisema "Hapana. Tena," mara tatu. Alisema vyote vinunuliwe. Wala hatukuwa na hamu. Kama angesubiri mioyo yetu ipate furaha ndipo tuimbe, tungekuwa tumekaa kimya hadi Pasaka. Na jibu la bibi yangu, "Nilikuwa naimba," nadhani sasa nalisikia.

Kwa hiyo inanibidi nilegeze nilichosema juu. Labda furaha huamrishwa. Labda inategemea ni nani anayeamuru: katekista yule naye alikuwa na stakabadhi isiyolipwa, watoto wake walikuwa wanakula makopa kama wangu, na alianza kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe hakutaka. Yule wa maiki hakuniuliza nimetoka wapi. Lakini nimtendee haki pia, inawezekana naye alikuwa na mgonjwa wake.

Tena nisiipambe Jumapili ile kupita kiasi. Si ahadi zote zilizotimizwa. Fundi baiskeli, aliyekuwa ameshindwa mnada wa jogoo, alilima siku zake vilevile. Mimi niliyeshinda ming'oko nilishona kaptula moja Januari, ya pili nikaitoa Juni baada ya kukumbushwa, na mtoto alikuwa amekwisha kukua. Mwaka uliofuata watu wakiwa na fedha mnada ulirudi kuwa wa noti, jogoo akaenda kwa elfu thelathini, tukapiga makofi tukatawanyika. Lakini nani atanisikia nikisema heri ule mwaka wa njaa? Mwaka wenye fedha watoto walikwenda shule wamevaa viatu, na nilimshukuru Mungu kwa viatu vile kwa furaha ya kweli kabisa.

Na yupo binti wa kitambaa. Alikuja kanisani siku ile, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Muda wote wa ibada alikuwa anaitazama altare, kile kitambaa chake, rangi aliyoichagua mwenyewe dukani Masasi. Tulipotoka kwenda chini ya mwembe yeye alichukua njia ya nyumbani. Katekista alimwona, nilimwona akimwona. Hakumwita. Alimwacha aende, akageuka kwenye jogoo. Jioni nilifumua mishono, nikakuta tone la nta ya mshumaa karibu na pindo. Nililitoa kwa pasi ya mkaa na karatasi, likabaki doa hafifu. Harusi ilifungwa baadaye, mwaka 2019, nikashona magauni yale, na doa nililiweka upande wa ndani wa mkanda. Sijamwambia mpaka leo.

Sijui kama aliwahi kuipata furaha ile tuliyoipata sisi, wala kama ilikuwa haki kuinunua kwa kitambaa chake. Jibu langu kwa gazeti basi ni kwamba ndiyo, tuamriwe, lakini mlango uachwe wazi kwa anayetaka kutoka, na anayetoka asifuatwe na maiki. Hata hilo nalisema nikisita.

Dada yangu ametoka hospitali, anatembea taratibu. Semina ile inarudi mwezi ujao na ameniambia anataka kwenda. Tutakwenda wote, tutakaa benchi la mwisho.