Lubumbashi hadi Unguja: kabla ya kuuliza boti au ndege, uliza mtatua Dar es Salaam saa ngapi

Mama uliyeuliza, umeeleza kwamba mnataka kuwapeleka watoto watatu Zanzibar katika likizo kubwa ya Julai, kwamba bei za ndege hadi Dar es Salaam mmekwisha kuziangalia, na kwamba kinachowatatiza ni kipande cha mwisho tu: mvuke kwa boti au mpande ndege ndogo, hasa kwa kuwa mume wako anaogopa maji. Walionitangulia wamekujibu kwa kulinganisha nauli. Mimi ni wakala wa forodha, na makontena ya wateja wangu yamenipeleka Dar es Salaam miaka mingi. Unguja nimevuka mara sita, nne kwa boti na mbili kwa ndege. Kwa niliyoyaona, nauli si jambo la kwanza. La kwanza ni saa ambayo ndege yenu itatua Dar es Salaam, kwa sababu saa hiyo ndiyo itakayowachagulia chombo, mpende msipende.

Nililijifunza hili Julai 2023, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimetangulia Dar es Salaam kwa kazi, na mke wangu alikuwa anakuja na watoto wetu wanne ili tuvuke pamoja siku ileile. Nilimwandikia ujumbe mfupi kwamba boti ya mwisho inaondoka saa kumi. Kwa mtu wa Dar es Salaam maneno hayo yana maana moja tu, saa kumi ya alasiri, ambayo kwenye tiketi huandikwa 16:00. Lakini nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za Lubumbashi, saa tunazitaja kwa Kifaransa, na mke wangu aliisoma kumi yangu kama kumi ya usiku ya Kifaransa, yaani 22:00. Walitua saa nane mchana, wakapita uhamiaji bila shida, wakatafuta mahali pa kula, kisha wakaenda Kariakoo kununua kandambili. Simu yake haikuwa na laini ya Tanzania, kwa hiyo sikuweza kumpata. Mimi nilikuwa bandarini nimeshika tiketi sita, nikawatazama mabaharia wakifungua kamba na boti ikirudi nyuma taratibu kutoka gatini. Walifika saa kumi na moja na nusu, watoto wakiwa na furaha na mifuko mkononi, na nilipoanza kupandisha sauti mke wangu alinitazama kwa mshangao wa kweli: «Papa Dorcas, haraka ya nini? Bado zimebaki saa nne na nusu.»

Kwa nauli ya wakati ule, mtu mzima mgeni alikuwa akilipa dola 35 kwa daraja la kawaida, na juu ya tiketi zile nililipia vyumba viwili vya hoteli, chakula cha jioni cha watu sita na teksi za asubuhi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba boti ni rahisi kuliko ndege anasema kweli pale tu unapoiwahi. Kumbuka pia kwamba Dar es Salaam iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja. Simu hujirekebisha zenyewe, lakini saa ya mkononi haijirekebishi, na saa moja ndiyo mara nyingi inayomtenganisha aliyepanda na aliyebaki gatini.

Kwa kuwa boti za abiria za kwenda Unguja huondoka kati ya asubuhi na alasiri, mimi napiga hesabu hivi. Ndege ikitua kabla ya saa tano asubuhi ya kule, yaani kabla ya 11:00, boti inawafaa, na mnaweza kutoka uwanjani bila kukimbia. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi bandarini ni safari ya mjini, kama kilomita 12, lakini Barabara ya Nyerere ina foleni ambayo siku njema huisha kwa dakika 40 na siku mbaya hula saa mbili. Ndege ikitua saa nane mchana au baadaye, msiitegemee boti ya siku hiyo hata kidogo. Mlale mjini, maeneo ya Posta au Kisutu ambako mtu anaweza kwenda gatini kwa dakika chache, mkapande ya kwanza asubuhi. Au muunganishe na ndege ndogo palepale uwanjani. Ndege za kimataifa nyingi hutua kwenye jengo la tatu, na za ndani huondokea majengo mengine, kwa hiyo mtahitaji gari kati ya jengo na jengo. Hapo katikati, kati ya saa tano na saa nane, ni kamari, na mwenye watoto watatu asicheze kamari.

Kama hamjalipa bado, kuna njia nyingine ambayo sijaona mtu akiitaja hapa. Ethiopian Airlines inayotoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, kupitia Addis Ababa, na Kenya Airways inayopitia Nairobi, zote mbili huruka pia hadi Unguja kwenyewe. Mwombeni wakala wenu wa tiketi awape bei ya Lubumbashi hadi Zanzibar kwa tiketi moja, mlinganishe na bei ya Lubumbashi hadi Dar es Salaam mkiongeza boti, teksi na usiku mmoja wa hoteli kwa watu watano. Mara mbili nilipofanya hesabu hiyo, tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Mizigo nayo hupelekwa moja kwa moja, na ndege ya kwanza ikichelewa ni shirika linalotafuta namna ya kuwafikisha, si ninyi.

Sasa boti. Mkifika Dar es Salaam, msimwambie dereva wa teksi awapeleke «feri». Neno hilo kule lina mahali pake: ni kivuko cha Kigamboni na soko la samaki lililo jirani, na dereva mwaminifu kabisa atawashusha hapo. Semeni «boti za Zanzibar», ambazo gati lao linatazamana na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ng'ambo ya barabara. Mnara wake utawaongoza. Mkishuka tu, watawazunguka vijana wenye vitambulisho shingoni watakaowaambia kwamba boti imejaa na kwamba wao wana nafasi za mwisho. Piteni. Tiketi nunueni dirishani au kwenye tovuti ya kampuni, na majina yalingane na pasipoti. Jueni pia kwamba kuna nauli ya mwananchi na nauli ya mgeni, na Kiswahili chenu, hata mkikisema kama watu wa Tanga, hakitawapa ile ya kwanza.

Kuvuka kwenyewe huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Likizo yetu kubwa, kwa bahati mbaya, inaangukia katikati ya msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini katika miezi ya katikati ya mwaka, na mkondo wa bahari kati ya bara na kisiwa huwa na mawimbi makubwa kuliko Januari au Februari. Mara zote nne mimi niliona asubuhi kuna utulivu kuliko alasiri, na kwenda kulikuwa afadhali kuliko kurudi, kwa kuwa mnaporudi Dar es Salaam boti inaukabili upepo. Kaeni ngazi ya chini, katikati au nyuma kidogo, ambako chombo hakinyanyuki sana. Mbele kuna mandhari nzuri na matumbo mabaya. Mwanangu wa pili alikula sahani nzima ya chipsi mayai nusu saa kabla ya kupanda, na tulipotoka tu nje ya bandari aliacha kuzungumza, jambo ambalo si la kawaida kwake. Mfanyakazi wa boti akapita akigawa mifuko myeusi bila kuuliza nani anaihitaji, kama mtu anayegawa magazeti. Juu ya vichwa vyetu televisheni ilikuwa ikionyesha vichekesho, na hakuna aliyecheka. Tangawizi mbichi ya kutafuna ilimsaidia binti yangu mkubwa. Mkate mkavu na chai ya rangi asubuhi vinatosha.

Kuhusu hofu ya mume wako, sitasema kwamba ni hofu ya bure. Sisi wa Kongo tumezika watu wengi mno waliozama ziwani na mitoni katika vyombo vilivyojazwa kupita kiasi, na katika njia hiyohiyo ya Dar es Salaam na Unguja meli iitwayo Skagit ilipinduka tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, katika upepo mkali wa msimu huohuo wa kusi, na watu wengi wakafa. Boti za kasi ninazozipanda mimi ni za matumbo mawili sambamba (katamarani), ambazo hukaa juu ya maji kwa uthabiti zaidi. Abiria huhesabiwa kwa tiketi, na maboya yapo. Ninachofanya mimi ni kuyatafuta maboya kabla ya kukaa na kumwonyesha kila mtoto lake. Na kama chombo kimejaa watu waliosimama ushorobani, ninashuka, hata tiketi ikipotea.

Ila asidhani kwamba ndege ndogo itampumzisha moyo. Nyingi za njia hiyo ni ndege za injini moja zenye viti 12 au 13, unamwona rubani mgongo, na katika dakika 20 za safari, maji anayoyaogopa atakuwa akiyatazama chini yake kwa karibu, na miamba yote ya matumbawe ikionekana. Mimi niliipenda sana. Mwenzangu wa kazini alifumba macho tangu kuruka hadi kutua. Mzigo niliruhusiwa kilo 15, tena katika begi laini linalokunjika. Mkijua jinsi mama wa Lubumbashi anavyofunga masanduku ya kwenda kuonekana na watu, kilo 15 ni viatu tu.

Yuko ndugu aliyependekeza barabara hadi mpakani Kasumbalesa, kisha Kapiri Mposhi nchini Zambia, kisha treni ya TAZARA ya kwenda Dar es Salaam. Nilisafiri nayo nikiwa kijana. Ni kilomita 1,860 za reli, nchi nzuri, siku zisizo na hesabu ya uhakika. Kwa watoto watatu na likizo ya wiki mbili, hapana.

Hati zinahitaji maneno machache, kwa kuwa mtu anaweza kuwahi kila chombo na bado akakwama. Kwa kuwa tunatoka nchi yenye homa ya manjano, kadi ya chanjo itaombwa Tanzania, na chanjo huhesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya kumi baada ya sindano. Kwa hiyo watoto wasiochanjwa wachanjwe sasa, si wiki ya safari. Aliyekwisha kuchanjwa hahitaji kurudia, kwani tangu 2016 kadi hiyo hutambuliwa kwa maisha yote. Wapo watu mjini wanaouza kadi bila sindano. Msinunue, mbu hasomi kadi. Tena, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, ambayo hulipiwa mtandaoni kabla ya kufika. Waliokuambia kwamba hakuna bima walisafiri kabla ya hapo, kama mimi na familia yangu. Hata mkitokea Dar es Salaam, wageni hukaguliwa upya wakishuka Malindi, bandari ya Unguja, kwa hiyo pasipoti, kadi na karatasi ya bima ziwe mkononi, si ndani ya sanduku ambalo mchukuzi amekwisha kulipeleka kwenye rundo.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kuikosa ile boti, sisi tulipanda ya kwanza. Mke wangu aliandika saa ya kuondoka kwenye karatasi, 07:00, akaniwekea mfukoni mwa shati bila kusema neno, na tangu siku hiyo ujumbe wowote wa safari katika familia yetu huandikwa kwa tarakimu nne.

Basi mkishapata tiketi zenu, andika hapa saa ya kutua kama ilivyochapishwa, kwa tarakimu na si kwa maneno, nami nitakuambia kama boti ya siku hiyo mnaiwahi.