Darubini Iliyoitwa Uhuru, na Barua Nyingine

Mwezi uliopita niliigusia hapa darubini ya James Webb, ile ya Wamarekani iliyorushwa angani, kwa mistari minane tu, nikadhani nimemaliza. Barua zimekuja mpaka mke wangu akaniuliza kama nimefungua duka. Nimechagua nne. Ndugu wa Himo aliyeniandikia kurasa sita kuhusu mwisho wa dunia anisubiri kidogo, bado nasoma.

Mwalimu, shikamoo. Umesema darubini moja imekula dola bilioni 10. Mimi nauza mitumba Memorial. Mwanangu alipougua mwezi wa tatu, zahanati ilituandikia dawa tukanunue nje. Hivi hela zote hizo za kuangalia nyota si ufujaji? – Muuza mitumba, Moshi

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Swali lako shemeji yangu huniuliza kila Krismasi, ila yeye hulisema kwa ukali zaidi mbege ikishamkolea.

Tuanze na hesabu, wewe ni mfanyabiashara. Hizo bilioni 10 hazikutoka siku moja. Wataalamu walianza kuijadili darubini hiyo mwaka 1989, ikaja kurushwa tarehe 25 Desemba 2021. Chukua miaka 20 tu ya kazi, kisha gawanya kwa Wamarekani wapatao milioni 330: ni kama dola moja na nusu kwa mtu kwa mwaka. Ulaya na Canada nao wametia chao. Hapa mjini hiyo ni chai, chapati na maharage. Na isingejengwa, hakuna senti yake ambayo ingefika kwenye zahanati yenu. Dawa za zahanati zina bajeti yake hapa hapa nchini, na hiyo mdai diwani wako kwa sauti yote uliyo nayo.

Hata hivyo sitaki kukupumbaza kwa hesabu. Mradi ule ulitia aibu. Mwanzoni ilitajwa bei ya kama dola bilioni moja na kurushwa mwaka 2007. Mwaka 2011 kamati ya Bunge la Marekani ilipendekeza ufutwe kabisa, na mimi ningekuwa mbunge wao ningekasirika vilevile. Ila nakuomba uangalie hela ilikokwenda. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, hakuna roketi ya kukibeba kimekunjuliwa, kwa hiyo kikatengenezwa vipande 18 vya madini ya berili, vikapakwa dhahabu, vikakunjwa. Kuna na mwavuli wa kuzuia jua, tabaka tano nyembamba, ukubwa wa uwanja wa tenisi, nao umekunjwa. Vyote vilipaswa kufunguka vyenyewe huko mbali, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Wahandisi walihesabu mahali 344 ambapo kitu kimoja kikigoma, basi, darubini imekufa. Huko hakuna wa kumpigia simu aje na spana. Ndiyo maana walipima, wakarudia kupima, na kila kipimo kina mishahara yake.

Kutopima kuna gharama gani? Niliwahi kutengenezewa miwani na fundi mmoja ambaye simtaji. Alizisaga lenzi vizuri ajabu, safi kama maji ya chemchemi. Nikavaa, mlango wa sebuleni ukajipinda kama ndizi. Kumbe alifuata karatasi ya mteja mwingine. Hubble, darubini ya angani iliyoitangulia Webb, ilipata mkasa huo huo. Ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichosuguliwa kwa ustadi mkubwa kufuata umbo lisilo lake. Kingo zake zilizidi kulazwa kwa kiasi cha sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Kifaa cha kupimia kioo wakati wa kukisaga kilikuwa kimefungwa vibaya, milimita 1.3 tu. Vipimo vingine vilionyesha kuna kasoro, vikapuuzwa, na jaribio la darubini nzima kabla ya kuruka likaachwa ili kuokoa fedha. Picha za kwanza zikaja na ukungu, magazeti yakacheka. Desemba 1993 wanaanga wakapanda na chombo Endeavour kwenda kuivisha miwani, na ikaona. Iliwezekana kwa sababu Hubble haiko mbali, kama kilomita mia tano juu yetu. Webb usingeifuata.

Jambo lililobaki, nalo ndilo linaloniuma, ni fedha za kukatikakatika. Mwaka 1974 Bunge lao liliukatia mradi wa Hubble fedha. Wanaastronomia wakaandika barua na kuwafuata wabunge mmoja mmoja, Ulaya ikaahidi kubeba asilimia 15, kioo kikapunguzwa kutoka mita 3, ndipo mwaka 1977 ukakubaliwa. Kwetu Kibosho mtu akisikia habari hiyo anakumbuka mfongo, ule mfereji wetu wa asili wa kumwagilia. Mfongo usiposafishwa msimu mmoja, si kwamba maji yanakusubiri msimu ujao. Ukingo unabomoka, maji yanakwenda kwa wengine, na wazee waliojua mkondo ulipopita wanazidi kupungua. Darubini ni hivyo hivyo: fundi aliyejifunza miaka kumi kusugua kioo, ukimkosesha mshahara miaka miwili anakwenda kutengeneza kitu kingine, na ujuzi wake anaondoka nao.

Mwalimu, kwa nini wasiweke darubini juu ya Kibo? Ni mita 5,895, karibu na mbinguni tayari, na roketi haihitajiki. – Kidato cha Tatu, Usa River

Wazo lako si la kitoto. Chile wanazo darubini za redio zenye masahani makubwa kwenye jangwa la Atacama, kama mita 5,000 juu. Lakini wao wana jangwa. Kibo chetu saa nne asubuhi kimeshajifunika, mgeni anakaa Moshi siku tatu anaondoka anasema hakuna mlima.

Hata kikiwa wazi, ukisimama Uhuru Peak karibu nusu ya hewa yote bado iko juu ya kichwa chako, nayo haitulii. Nyota inapometameta mshairi anafurahi, mwanaastronomia anasaga meno, maana huko kumetameta ndiko kunakoharibu picha. Tena Webb inatafuta miale ya joto kutoka kwa vitu vya mbali sana, na mvuke wa maji hewani humeza sehemu kubwa ya miale hiyo. Vioo vyake vinafanya kazi kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri. Kwa jicho kama hilo, theluji ya Kibo ingewaka kama jiko la mkaa.

Kuna na eksirei, jamaa ya ile ya hospitali, inayotoka kwenye gesi yenye joto la kutisha. Hewa yetu huizuia yote. Ni bahati kwa ngozi zetu, ila anayetaka kuiona lazima atoke nje ya hewa. Hapo nina kisa.

Setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo ina jina la Kiswahili. Inaitwa Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, siku ambayo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, Wamarekani wenye chombo wakaipa jina hilo kwa heshima ya wenyeji. Walikuja huku kwa sababu ya ikweta. Dunia hapa inazunguka kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo huo bure. Uhuru ikapiga ramani ya vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauchomoki, na kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwaka ule 1970 nilikuwa darasa la nne. Baba alikuwa na redio, na walimu wetu walikuwa wazuri. Hakuna aliyetuambia. Nilikuja kulisoma nikiwa na miaka arobaini na kitu, kwenye gazeti lililofungiwa nyama buchani. Wewe umelijua ukiwa Kidato cha Tatu, kwa hiyo umenizidi.

Eti Wi-Fi ilitokana na watu wa nyota? Mteja amenibishia. – Fundi simu, Kilombero, Arusha

Mteja wako amekosea, mwongezee bei. Mhandisi wa Australia, John O'Sullivan, alikuwa akitafuta mawimbi ya redio kutoka kwenye mashimo meusi madogo yanayolipuka. Hakuyapata. Lakini hesabu alizotumia kusafisha mawimbi yaliyovurugika zilikuja kusaidia yeye na wenzake kutatua tatizo la mawimbi yanayogonga kuta za chumba na kurudi. Hataza, yaani haki miliki ya uvumbuzi, ya kazi hiyo iliiingizia taasisi yao zaidi ya dola milioni 400 za Australia.

Ila hoja hii huwa siipendi sana. Ni kama kumsifia mkwe kwa sababu alikuja na sufuria. Mwaka 1995 mkuu wa kituo kinachosimamia Hubble, Robert Williams, alitumia saa alizokuwa na mamlaka nazo kuielekeza darubini siku kumi mfululizo mahali padogo angani palipoonekana hapana kitu. Baadhi ya wenzake walimwambia anapoteza muda ghali. Picha ilipokamilika, mle ndani mlikuwa na galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, zipatazo 3,000. Mimi hilo linanitosha, hata Wi-Fi isingekuwapo.

Mwalimu, binti yangu wa Kidato cha Nne anasema anataka kusomea nyota. Mimi nauza ndizi. Atakula nini? – Mama wa Kiboriloni

Mama, kwanza asiseme "unajimu" mbele ya watu, watamletea viganja vyao asome. Ni astronomia, na mlango wake ni fizikia na hisabati. Aking'ang'ania PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano, hata nyota zikimkataa bado ana uhandisi, takwimu na kompyuta, na hivyo vinalisha.

Kazi zipo, ingawa nyingi haziko hapa. Afrika Kusini wana MeerKAT, masahani 64 ya redio, na sasa wanajenga mradi mkubwa zaidi wa darubini za redio, uitwao SKA. Nchi nane za Afrika zimeshirikishwa, wakiwamo majirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji. Sisi hatumo, na hilo ningependa wabunge wetu waulizwe. Wakati huo huo picha na vipimo vya Hubble na Webb huwekwa wazi kwenye intaneti, vya Webb mara nyingi ndani ya mwaka mmoja. Akiwa na bando na subira anaweza kuvichambua akiwa Kiboriloni.

Darubini ya angani siwaombei, hatuna uwezo huo. Naomba jokofu. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aliona mchanganyiko wa moto wa aisikrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu na wenzake wakamcheka. Baadaye akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu, naye, badala ya kucheka, akaagiza lijaribiwe maabara. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, Mpemba akiwa tayari mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori, hapo Mweka, juu yako tu. Utafiti ule haukuhitaji bilioni. Ulihitaji maabara yenye jokofu linalofanya kazi na mtu mzima asiyecheka.

Nina darubini ndogo, kioo cha sentimita 11, ambayo majirani wanaamini naichungulia nayo miji yao. Mlete binti Jumamosi baada ya magharibi tumtafute Zohali na pete zake. Anipigie kwanza nimwambie kama kuna mawingu, na avae sweta.