Rejeta ya gari la mbio: maji au kulanti?

SWALI: Fundi, naiandaa Subaru yangu kwa mbio za Busiika, jamaa hapa gereji Ndeeba wananiambia nijaze kulanti tupu bila maji eti ndo inapooza zaidi. Ni kweli?

JIBU: Hapana kaka, hapo wamekupoteza. Maji ndo yanabeba joto vizuri kuliko glaikoli, yaani ile kemikali iliyo ndani ya kulanti, na kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasigande na sasa barafu Kampala utaiona wapi? Tena ikimwagika inateleza vibaya, ndo maana viwanja vingi vya mbio za lami huko nje wameipiga marufuku. Weka maji ya distildi na dawa ya kuzuia kutu, usiiache hiyo dawa maana hedi yako (kile kifuniko cha juu cha injini) ni ya aluminiamu, na maji ya bomba yanaacha magaga ndani ya rejeta.

Halafu kizibo cha rejeta! Watu hawakiangalii kabisa. Kampala tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 za Selsiasi, ila kizibo kizima cha baa 1.1 (kipimo cha presha) kinapandisha kiwango hicho cha kuchemka mpaka karibu 120. Mpira wake ukiwa umepasuka badilisha, bei yake ndogo kuliko gasketi ya hedi.