Ukistaafu, Usirudi Nyumbani Kama Mkaguzi

Wadogo zangu wanaokaribia miaka 60, ule umri wa kustaafu kwa lazima, wakipita barazani kwangu hapa Mtwara huja na swali la mafao. Wajenge vyumba vya kupangisha? Wanunue shamba la mikorosho huko Tandahimba au Newala? Wafungue duka? Ni maswali ya maana, na wapo watu wanaoyajua kuliko mimi. Mimi huwauliza jambo moja tu: saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, utakuwa wapi na unafanya nini?

Wengi hunyamaza. Miaka zaidi ya thelathini, saa nne walikuwa kazini. Hawajui nyumba yao inavyokuwa saa hiyo.

Nyumba saa nne ina shughuli zake. Mama ameshafagia uwanja, chai imeshanyweka, jirani amekuja na ukili wake wanasuka mkeka huku wakipanga mambo ya kikundi cha kuweka na kukopa. Kuna ratiba pale, imejengwa kwa miaka, na haikumtegemea baba. Sasa baba anastaafu, anakaa kwenye kochi, anaanza: mbona sukari imeisha upesi hivi? Huyu mgeni anaondoka saa ngapi? Mbona mboga inapikwa sasa hivi na siyo saa tano? Nimeona ndoa za miaka mingi zikiingia mgogoro mwezi wa tatu tu baada ya sherehe ya kuagwa, wala hapakuwa na mwanamke mwingine wala deni. Mzee alirudi nyumbani kama mkaguzi, basi.

Ushauri wangu kwa wanaume wenzangu ni huu: ingia jikoni. Sisemi umnyang'anye mkeo jiko lake. Chagua chakula kimoja kiwe chako, tangu sokoni mpaka sahanini, na siku yake ijulikane. Siku hiyo mama apumzike kweli, asiulizwe chumvi iko wapi.

Mimi nilichagua pweza wa nazi. Asubuhi naenda Feri, pale kinapoegesha kivuko cha Msangamkuu, vyombo vya wavuvi vikiwa vinaingia. Kwenda kwenyewe ni nusu ya faida: unatembea, unasalimiana, unasikia nani anaumwa na nani ameoza binti. Pweza mzuri ananukia bahari, na nyama yake ukiibonyeza inarudi. Akishaanza kutoa harufu nzito, hata kama bei imeshuka, muache.

Nyumbani msugue kwa chumvi ya mawe mpaka ute wote utoke, kisha msuuze sana. Mbandike bila maji. Wengi hawaamini hili, lakini pweza ana maji yake mwenyewe; funika, moto uwe mdogo, baada ya muda utamkuta anaogelea kwenye mchuzi mwekundu. Mwache hapo mpaka uma uingie bila kusukuma. Chumvi usiweke mapema. Kwanza ameshatoka na ya baharini, pili sisi wa umri huu wengi tuna kadi za kliniki ya presha. Akiiva ndipo umkate vipande, ukaange kitunguu, nyanya na bizari kidogo, utie tui jepesi lichemke naye. Tui zito linaingia mwisho kabisa, na hapo usiondoke. Koroga polepole, moto wa chini, maana likichemka kwa nguvu linakatika na kazi yote inaharibika. Kamulia ndimu, epua. Kwa ugali wa muhogo au kwa wali, vyote vinakubali.

Nazi anakuna mjukuu. Nampa mbuzi akae, namwonyesha jinsi ya kuzungusha kifuu asifike kwenye ganda jeusi. Mtoto wa miaka kumi anayekuna nazi pembeni ya babu yake husema mambo ambayo ukimuuliza sebuleni hakwambii ng'o.

Wapo watakaosema umelishwa limbwata. Waache waseme. Wapishi wa shughuli zetu, wale wanaopika pilau ya harusi kwenye masufuria yanayobebwa na watu wanne, wengi wao ni wanaume na hakuna anayewacheka. Mchoma samaki wa barabarani ni mwanaume. Iweje aibu ianze mlangoni kwako? Mwanaume anayeweza kujilisha na kuwalisha wake anatembea kifua mbele, na mkeo akiugua hutakaa unamngoja binti atoke Dar es Salaam kuja kukupikia uji.

Kama pweza ni ghali kwako, chukua ming'oko, vile viazi vya porini. Sisi wa kusini tunaujua utamu wake: akina mama wanaichimba porini, inaoshwa udongo, inachemshwa kwa chumvi, unamenya unakula na chai ya rangi. Mstaafu hana haja ya mkate kila asubuhi. Ama ujifunze kubangua korosho nyumbani, ila hapo kuwa makini sana. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake ni mbaya kwa macho na kifua. Fanya uwanjani, mbali na nguo zilizoanikwa, ukae upande upepo unakotoka. Zikishika moto kwenye bati, zimwage mchangani uzifukie zizime, ngoja zipoe kabisa, jipake majivu mikononi ndipo ugonge moja moja. Watoto wadogo wasisogee.

Hayo ni ya mchana. Jioni ndiyo inayowashinda wastaafu wengi, maana runinga inawashwa saa kumi na mbili na inazimwa watu wakiwa wamelala kwenye viti. Hiyo si burudani. Mimi nashauri filamu moja, jioni moja ya wiki, iliyochaguliwa tangu mapema, na watu waitwe.

Sisi tulikua hivyo. Bara hapakuwa na televisheni mpaka 1994. Filamu ililetwa na gari la sinema, kitambaa cheupe kinatundikwa uwanjani, mtaa mzima unakaa chini, na waliochelewa wanatazama kwa upande wa nyuma, maandishi yakiwa yamegeuka. Hakuna aliyetazama peke yake. Ukicheka ulisikia wengine mia wakicheka nawe. Ila wasichana wengi hawakuruhusiwa kutoka usiku, na bibi yenu, yaani mke wangu, ni mmoja wao. Alizisikia filamu za Kihindi zikisimuliwa na kaka zake asubuhi yake, wakiimba nyimbo kwa maneno ya kubuni.

Kwa hiyo nilipopata Sholay, ile ya 1975, kijana wa dukani akaniwekea kwenye flashi, nilimwambia bibi yenu awaalike shoga zake. Ni filamu ya zaidi ya saa tatu, msiogope. Katikati simamisheni, mnywe chai, wenye kuswali waswali. Amitabh Bachchan na Dharmendra mnawajua, na Gabbar Singh, mkuu wa majambazi, hahitaji utangulizi. Lakini wazee, mtazameni yule imamu kipofu. Mwanawe kijana ameuawa na majambazi, mwili umeletwa kijijini juu ya farasi, na wanakijiji kwa hofu wanataka kuwakabidhi kwa majambazi wale vijana wawili waliokuja kuwalinda. Ni yeye mfiwa anayesimama kuwaambia wasikubali. Nyumbani kwangu mjadala wa hapo ulikwenda mpaka karibu na saa sita usiku. Mama mmoja mtaratibu sana, mjane, alisema asingeweza. Mwingine akasema angeweza, akaeleza kwa nini, na tukasikia habari ya maisha yake ambayo sikuijua ingawa tumekuwa majirani tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi.

Ndiyo maana nasisitiza watu. Na chagueni filamu yenye jambo la kuongea. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inafaa sana: Unguja ya miaka ya 1950, msichana Yasmin ameozwa mtu mzima asiyempenda, anakimbia. Itazame na mkeo kisha muulize anaonaje, halafu wewe nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Filamu za Bongo nazo zina nafasi. Vichekesho vya marehemu King Majuto vinawakusanya babu na mjukuu mkeka mmoja, jambo ambalo filamu nyingi haziwezi. Zile za kugombania mume sehemu ya kwanza mpaka ya nne, kwa maoni yangu, mwisho wake hamna cha kujadili.

Umeme ukikatika katikati, na hukatika, msitawanyike. Amueni kila mtu aseme anadhani itaishaje.

Anayestaafu mwakani asingoje barua. Aanze Jumamosi hii na sufuria moja, mkewe akiwa bado na subira ya kumwelekeza. Na wewe uliyefiwa na mwenzako, unayekula umesimama mlangoni kwa sababu huoni maana ya kutandika mkeka kwa mtu mmoja, pika cha watu wawili, sahani moja ipeleke kwa jirani, umwambie wiki ijayo unakuja kula kwake. Hapa Mtwara hakuna atakayekataa.