Nilimnunulia Chipsi Badala ya Kumwambia Ukweli

Kadi zilikuwa 400, zenye urembo wa dhahabu pembeni, na zote zilisema harusi ni tarehe 24. Harusi ilikuwa tarehe 14. Prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, nilisoma mimi, au niseme nilitakiwa kuisoma: nilitia saini simu ikiwa sikioni, nikasema "chapa" nikaendelea na maongezi yangu. Bwana harusi alipokuja kuzimwaga zile kadi juu ya kaunta, bosi akauliza nani kafanya upuuzi huu, na kabla hajajibiwa macho yake yakatua kwa kijana wa mashine. Dogo alikuwa na miezi minne tu kazini. Mimi nikajikausha.

Alikatwa 120,000, kila mwezi 40,000. Ile prufu yenye saini yangu ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya kitabu cha risiti.

Jioni hiyohiyo nilimpeleka kibandani nikamwagizia chipsi mayai na soda. Nikampa pole nyingi, nikamlaani bosi kwa niaba yake. Nililala nikijiona mtu mwenye huruma.

Wakati huo nilikuwa nasoma polepole, kamusi pembeni, kitabu cha mitumba nilichokuwa nimenunua pale Posta kwa muuza vitabu wa chini: Frankenstein, cha Mary Shelley. Nilikinunua kwa ajili ya jitu la kwenye jalada. Wengi tunadhani Frankenstein ndilo jina la hilo jitu. Siyo. Jitu halina jina mpaka kitabu kinaisha, na hilo peke yake lingetosha kukushtua, maana aliyeliumba hakuona hata haja ya kulipa jina. Frankenstein ni yeye muumbaji, Victor, kijana wa Geneva aliyekwenda kusoma Ingolstadt, Ujerumani, akaunganisha viungo vya maiti mpaka vikapumua. Mary alianza kuandika hadithi hii mwaka 1816, akiwa na miaka 18, karibu na ziwa la Geneva, kiangazi ambacho jua lilikataa kutoka kwa sababu ya majivu ya mlima Tambora uliolipuka mwaka mmoja nyuma. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amefariki mwaka 1815. Kitabu kilitoka London mwaka 1818 bila jina la mwandishi.

Nilitarajia kuogopa jitu. Kilichonitoa jasho ni kesi ya Justine.

Justine ni binti aliyelelewa na kufanya kazi nyumbani kwa akina Victor. Mdogo wake Victor, William, ananyongwa nje ya mji, na picha ndogo ya mama yao aliyokuwa ameivaa inakutwa mfukoni mwa Justine. Victor anajua muuaji ni nani. Anajua tangu kabla ya kesi. Lakini anajiambia kwamba akisema ataonekana kichaa, basi anakaa mahakamani kimya. Anamtembelea binti gerezani, anasaga meno kwa uchungu. Justine, baada ya kutishwa na padri wake kwamba atakwenda motoni, anakiri kosa ambalo hakulifanya, kisha ananyongwa. Na huyu Victor anatuambia, bila kuona haya, kwamba mateso ya mshitakiwa hayakufikia ya kwake, kwa kuwa mwenzake alikuwa anafarijiwa na kutokuwa na hatia.

Nilifunga kitabu. Niliziona zile chipsi mayai.

Nikikupa ushauri mmoja tu, ni huu: usihesabu maumivu yako kama malipo. Mtu akikosea, roho inamsuta, usiku haulaliki, chakula hakipiti, na taratibu anaanza kuamini kwamba kuteseka huko ni adhabu tosha, kwamba tayari ameshalipa. Amemlipa nani? Dogo hakupata hata senti moja kutokana na usingizi wangu niliokosa. Victor analia karibu kila sura, na kila akimaliza kulia kuna mtu mwingine anakufa.

Jambo la pili ambalo kitabu kilinionyesha ni namna mwenye siri anavyojitenga bila mtu yeyote kumfukuza. Sisi pale kazini tulikuwa tunakula pamoja kwa mama ntilie wa nyuma ya jengo, benchi moja, maharage ya kugombania. Baada ya zile kadi nikaanza kusingizia kazi nyingi. Nikawa naletewa chakula ofisini, nakula peke yangu naangalia ukuta. Simu za nyumbani nikawa nasema nitapiga baadaye. Victor naye, alipokuwa anaunda kitu chake Ingolstadt, aliacha kuwaandikia barua watu wa kwao. Baba yake alikuwa ameshamwonya: ukikatiza barua, nitachukulia ni ushahidi kwamba na majukumu yako mengine umeyatupa. Huyo mzee nampenda. Siku hizi nikiona nimeanza kukwepa simu ya mama, huwa najiuliza kwanza nimeficha nini.

Halafu kuna upweke wa yule kiumbe, ambao ni wa aina nyingine kabisa kwa sababu yeye hakuuchagua. Usiku wa kwanza wa uhai wake alifunua pazia la kitanda cha Victor, akatoa sauti isiyoeleweka, usoni kama anatabasamu, mkono mmoja ameunyoosha. Victor akatoka mbio, akakesha uani akitembea huku na huku. Kiumbe anaishia kujificha kwenye kibanda kilichopakana na nyumba ya familia moja maskini. Anawachungulia kwenye upenyo wa ubao. Anajifunza kusema kwa kusikiliza wanavyomfundisha mgeni wao lugha. Mwanzoni anawaibia chakula. Akigundua wana njaa, anaacha, anakula matunda na mizizi ya porini. Usiku anawakatia kuni na kuziacha nje, asubuhi wanashangaa nani kazileta. Siku anapopiga moyo konde na kuingia, anamchagua babu kipofu akiwa peke yake, na babu anamkaribisha vizuri tu. Wanarudi vijana wenye macho, na mmoja wao anampiga kwa fimbo. Victor anayasikia haya yote mlimani, kibandani ng'ambo ya barafu, karibu na Mont Blanc. Hapo ndipo anapokiri kuwa kwa mara ya kwanza amehisi ana wajibu kwa alichokiumba. Miaka karibu miwili ilishapita na watu wawili walishakufa.

Kwa hiyo sema mapema. Victor mwishoni alikwenda kwa hakimu, akaeleza kila kitu na tarehe zake, lakini alikuwa ameshamzika mke, rafiki na baba, na hakimu alimsikiliza kama mtu anayeweweseka kwa homa. Na ukisema, mwambie mwenye uwezo wa kurekebisha. Mimi nilianza kwa kumnong'oneza rafiki yangu mmoja, akanipa pole, nikapumua, nikakaa wiki mbili zaidi bila kufanya lolote. Tena ukifika mbele ya mhusika usianze na jinsi ulivyoteseka. Hiyo ni kumpa kazi ya kukubembeleza.

Nilikwenda kwa bosi wiki ya tisa. Niliiweka ile prufu mezani nikasema, "Bosi, saini hii ni yangu, dogo alichapa nilichomwambia." Aliiangalia muda mrefu, akauliza kwa nini namletea leo. Sikuwa na jibu. Nilipewa onyo la maandishi. Dogo alikuwa ameshaacha kazi wiki moja kabla, baada ya makato ya pili, amerudi kwao.

Nilimpigia. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisijichanganye, nikayasoma hivyohivyo. Kimya kidogo, nikasikia kuku upande wa pili.

"Nilijua, kaka," akasema. "Prufu si nilikuwa naifuata mimi? Niliiona saini."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani?"

Makato mawili yalikuwa 80,000. Nilimtumia kwa simu mara mbili, mwisho wa mwezi, pamoja na ya kutolea. Ya kwanza hakujibu. Ya pili alijibu neno moja: "Imefika."