Dawa ya kuacha pombe inayogusa vipokezi vya afyuni: je, ni haramu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nimekunywa pombe miaka mingi; nimetubu mara kadhaa nikarudi. Daktari ameniandikia naltreksoni. Ndugu mmoja msikitini anasema dawa hiyo inafanya kazi palepale inapofanya kazi afyuni, ile dawa ya kulevya, kwa hiyo ni haramu, na kwamba mwenye imani haachi maasi kwa vidonge. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Meza dawa yako, ndugu yangu.

Huyo aliyekufutu ameshika nusu ya habari. Ubongo hujitengenezea wenyewe kemikali za jamii ya afyuni, ziitwazo endofini. Pombe ikiingia, endofini humwagika, hutua kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli za ubongo zinazozipokea, na dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, ikapanda. Hapo mnywaji huona raha, na ubongo ukajifunza kuidai tena. Naltreksoni huvikalia vipokezi hivyo bila kuviamsha, endofini zikija hazipati pa kutua. Hailevyi, wala haina uraibu. Sasa haramu iko wapi? Pombe imeharamishwa kwa sababu inalevya, si kwa sababu ya mahali inapogusa kichwani. Tukifuata hoja yake, basi hata endofini alizoumbiwa yeye mwenyewe ni haramu! Na wanaoishika hadithi ya sahaba Tariq bin Suwayd, aliyeambiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa pombe si dawa bali ni ugonjwa, wajue inawageukia: ugonjwa hutafutiwa tiba.

La imani ndilo lililoniudhi. Katika Sahihi Bukhari yumo mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume, naye akiletwa kuadhibiwa kwa pombe tena na tena. Mmoja akamlaani. Mtume akamkataza: huyu anampenda Allah na Mtume Wake. Nani basi amempa ndugu yako mizani ya kupimia imani yako?

Hukuuliza hili, lakini sitalinyamazia. Kama unakunywa kila siku, usikate ghafla peke yako. Pombe ya miaka hulegeza vipokezi vinavyotuliza ubongo na kuvizidisha vile vinavyouchochea. Ikikatika kwa mpigo huja kutetemeka, jasho, degedege, hata kifo. Daktari ana njia ya kukuvusha siku hizo. Mweleze pia hali ya ini lako, na kama unatumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini, maana hizo na naltreksoni hazikai pamoja.

Ukiteleza, usiiache swala kwa aibu. Ngoja akili ikurudie, tubia, uswali, kisha urudi kwa daktari umwambie kweli yote.